Ndege wa banda na ndege wa porini

Mbwa wangu alikuwa na miezi kama kumi hivi siku alipomdaka fezanti, yule ndege mwenye mkia mrefu anayewindwa kwa bunduki, kwa mdomo, tena ndege akiwa bado chini. Alifika kwenye majani akasimama vile nilivyomfundisha, mkia umenyooka, mguu mmoja juu, mimi nasogea polepole na moyo unanidunda, ndege naye amekaa tu hata hatikisiki, sasa mbwa wa miezi kumi subira ataitoa wapi, akaruka akamkamata. Akaniletea mkononi, mzima kabisa, anahema. Nikamgeuza nikamwangalia. Manyoya ya mkia yamekatika nchani kwa kusugua wavu wa banda, na kwenye tundu za pua kuna alama ya kile kiplastiki wanachovalishwa kuwaziba wasione mbele vizuri, maana wakibanana bandani wanadonoana mpaka damu. Nilikaa naye pale chini muda, nikashindwa kufurahi.

Lile lilikuwa shamba la uwindaji, pale unapolipa unaachiwa ndege wa kufugwa uwawinde, nililipa kwa hiari yangu na wenye shamba walinipa walichoniahidi, kwa hiyo siwalaumu. Ila toka siku ile nikisikia mtu anasema ndege ni ndege huwa namkatalia palepale.

Hebu fikiria yule ndege katokea wapi. Katotolewa na mashine, kalelewa chini ya taa ya joto, na kila alipomwona binadamu alikuwa analetewa chakula. Asubuhi ya kuwindwa anabebwa kwenye kreti, na kama ni kware, kuna watu wanamfunika kichwa chini ya bawa wanamzungushazungusha mpaka apate kizunguzungu, wanamlaza kwenye nyasi atulie hapo hadi wewe ufike na bunduki yako. Yaani hata hajui kama yupo hatarini.

Wa porini kafunzwa na njaa na mwewe. Siku zake za mwanzo anaishi kwa wadudu anaowaokota mwenyewe nyuma ya mama, na wenzake wengi wanaliwa kabla hata hawajajua kuruka vizuri, kwa hiyo ukimkuta mkubwa ujue huyo kashakwepa vifo vingi. Jogoo la fezanti la porini likisikia tu mlango wa gari unafungwa linaanza kukimbia kwa miguu, kichwa chini, linatokea mwisho mwingine wa shamba wewe hata risasi hujaweka. Au chukua kware wa Marekani wale wanaoitwa bobwhite, usiku wanalala chini kwa duara, mikia ndani vichwa nje, wakishtuliwa kila mmoja anaruka upande wake. Ukipita asubuhi unakuta kinyesi kimelundikana sehemu moja kwenye nyasi, basi unajua hapa familia nzima ililala imegusana mabega. Mimi nikiona hiyo alama naridhika hata kama sijapiga kitu.

Na mbwa ndio anaumia zaidi kwenye hili. Mbwa aliyezoea ndege wa banda anajifunza kwamba ukizidi kusogea hakuna kinachotokea, na siku ukidaka unasifiwa. Mpeleke sasa porini, anasogea hatua mbili za ziada kundi zima limeshapaa. Mimi ilinichukua msimu mzima na zaidi kumtoa wangu hiyo tabia, na aliyemfundisha sio mimi, ni ndege wenyewe kwa kumkimbia kila alipokosea mpaka akaelewa akipata harufu agande hapohapo.

Simkatazi mtu kwenda kwenye mashamba hayo. Mzee ambaye magoti yamechoka ana haki yake, anayeanza kushika bunduki anahitaji nafasi ya kujifunza usalama, na sehemu ambako ndege wa porini wamebaki wachache ni afadhali watu wapige wa kufugwa. Kinachoniuma ni pale mwenye ardhi anapofyeka vichaka vyote halafu ananunua makreti ya ndege akijiona amerudisha uhai. Uingereza wanaachia fezanti makumi ya mamilioni kila mwaka, na mwaka unaofuata wanaachia tena, maana wengi wa waliofugwa hawafiki kutaga, kama sio bunduki ni mbweha.

Wakati fezanti mwenyewe Marekani ni mgeni! Alitoka Asia. Owen Denny, aliyekuwa konseli mkuu wa Marekani kule Shanghai, alituma wa kwanza 1881 wengi wakafa njiani, akatuma tena 1882, wakafika Oregon wakazaana mpaka 1892 msimu wa kuwinda ukafunguliwa. Walikuta nafaka, magugu na pa kujificha, basi. Na huyo bobwhite, Herbert Stoddard, mtafiti wa kware, alishaeleza tangu 1931 kwamba anahitaji nyasi zichomwe kwa mpango ardhi ifunguke, ila moto ukazuiwa, kingo za mashamba zikasafishwa, na ndege akapungua sana.

Kwa hiyo ukienda kwenye shamba la uwindaji na mbwa mdogo, naomba sana, mwambie mwenye shamba asikuzungushie ndege. Aachie wachache jana yake jioni, walale nje usiku mmoja, asubuhi wawe wameamka na wameanza kushtukashtuka. Mbwa mfunge kamba ndefu ili asiweze kudaka, na ndege akiruka mbwa akiwa anasogea usipige, muache aende zake. Mbwa ataona kakosea. Halafu ukiweza, hata kama huna leseni ya msimu, mpeleke mahali wanaporuhusu mbwa na kuna ndege wa porini, bila bunduki, atembee tu na kufedheheshwa na jogoo mmoja mzee. Wangu siku ya kwanza alikimbiwa mara nne, ya tano akasimama mbali kabisa, anatetemeka mwili mzima, akanisubiri mpaka nikafika.