Far Cry 2, au vita visivyo na wenyeji

Mwanga, Kigoma. Jumapili usiku.

Nimerudi tena kwenye Far Cry 2. Ni gemu la mwaka 2008, na sababu ya kwanza ya kulicheza leo ni kwamba laptopu yangu ya mkono wa pili haina ubavu wa kufungua mengi ya siku hizi. Sababu ya pili ni kwamba kila nikilicheza nalisifu mbele za watu na kulinung'unikia nikiwa peke yangu. Safari hii nataka niyaandike yote mawili mahali pamoja. Katika vibanda vya gemu hapa mtaani sina wa kubishana naye, maana huko ni mpira tu, asubuhi hadi usiku.

Kwa asiyelijua: limetengenezwa na Ubisoft Montreal, unaona kila kitu kwa macho ya mhusika, na bunduki iko mikononi mwako. Wewe ni mamluki uliyetumwa katika nchi ya Afrika isiyotajwa jina kumuua mfanyabiashara wa silaha anayeitwa the Jackal, kwa kuwa ndiye anayeziuzia pande zote mbili za vita, UFLL na APR. Kabla hujafanya lolote unaangushwa na malaria. Ukizinduka, huyohuyo uliyetumwa kumuua yuko chumbani kwako, ameshasoma karatasi zako za kazi. Anakusemesha kidogo, kisha anaondoka zake. Gemu nyingi za bunduki zinaanza kwa kukuvisha ushujaa. Hili linaanza kwa kukulaza kitandani na homa.

Uzuri wake uko kwenye vitu. Ukiokota bunduki ya mtu uliyemuua, ina kutu. Utafyatua mara kadhaa, halafu inakwama katikati ya mapambano, na unaitazama mikono yako ikihangaika kuifungua huku risasi zinapita. Ukitaka mpya unalipa kwa almasi. Ukijeruhiwa vibaya unaichomoa risasi mwilini kwa koleo. Ramani ni karatasi unayoishika mkononi huku unaendesha gari au boti, na gemu halisimami kukusubiri uisome, kwa hiyo nimegonga miti mingi.

Na moto! Ukirusha chupa ya petroli kwenye nyasi kavu, moto unafuata upepo, na upepo ukigeuka unakurudia wewe uliyeuwasha. Huku kwetu kiangazi kikikolea, vilima vinakuwa vyeusi kwa mapori yaliyochomwa, na aliyewahi kushika tawi bichi kuuzuia moto usiingie shambani anajua unavyochagua njia. Waliotengeneza gemu hili waliuangalia moto kwa makini. Nimeona magemu mapya, ya fedha nyingi kuliko hili, ambayo moto wake ni pambo tu.

Halafu kuna marafiki. Ni mamluki wenzako, na rafiki akiwa tayari kukuokoa, ukianguka vitani anatokea kwenye moshi, anakuburuta pembeni, anakupa bastola, mnaendelea. Unamzoea. Siku moja anaanguka yeye, anakuita, unapiga magoti na kumchoma sindano ya mofini, dawa ya kutuliza maumivu. Wakati mwingine sindano moja haitoshi. Anakutazama, na unabaki na bastola, sindano nyingine, au kuondoka. Hakuna muziki wa kukuambia uhisi nini. Hapo ndipo simulizi na uchezaji vinashikana kweli, maana uamuzi unaufanya kwa vidole vyako, hukusomewa kwenye filamu fupi.

Mashikamano hayo hayakuja kwa bahati. Clint Hocking, aliyeongoza ubunifu wa gemu hili, mwaka 2007 aliandika makala ya kulikosoa gemu jingine, BioShock. Hoja yake ilikuwa kwamba sheria za mchezo zinamfundisha mchezaji kujijali mwenyewe, wakati hadithi inamlazimisha kumtumikia mtu mwingine, na hivyo viwili vinavutana. Mwaka mmoja baadaye ikatoka kazi yake. Ukilipima Far Cry 2 kwa kipimo chake mwenyewe, linafaulu sana kwenye silaha na urafiki. Kwingine linaanguka, na linaanguka karibu sana na kwetu.

Chukua malaria. Ndani ya gemu, mara kwa mara macho yanaingia ukungu, unabonyeza kitufe, unameza kidonge, ukungu unaondoka, unaendelea kuua. Ndiyo hivyo tu! Mkoa huu ni kati ya yenye malaria nyingi nchini, kwa hiyo naomba niruhusiwe kusema kitu. Malaria si ukungu wa sekunde kumi. Ni baridi ndani ya jua kali, ni viungo kuuma hadi kope, ni mdomo mchungu unaokataa hata uji. Mtu mzima akipewa dawa ya mseto ni vidonge vinne kwa mkupuo, mikupuo sita ndani ya siku tatu, na inatakiwa umeze na chakula chenye mafuta, chakula ambacho ndicho hasa hukitaki. Nilitamani gemu linitese namna hiyo: linilaze, linicheleweshe kazi, linifanye nimtegemee mtu wa kunipikia. Badala yake wamefanya ugonjwa kuwa kamba ya kunivuta kwenye misheni fulani. Vidonge vikiisha, unapeleka hati za kusafiria kwa raia waliojificha, nao wanakupa vingine.

Na hao waliojificha ndio karibu raia pekee utakaowakuta. Toka nje uendeshe gari nchi nzima, kaskazini hadi kusini. Kuna swala, nyati, pundamilia. Kuna watu wenye bunduki kwenye kila njia panda. Hakuna mama anayebeba kuni, hakuna baiskeli yenye mkungu wa ndizi, hakuna mtoto anayekimbiza gari. Nyumba zipo, sufuria zipo, waliozipikia hawapo. Tunasema fahali wawili wapiganapo ziumiazo ni nyasi. Humu nyasi zipo kweli, nzuri ajabu, na zinaungua vizuri. Kinachokosekana ni wale ambao methali ilikuwa inawasema.

Jirani yetu mmoja, mama aliyevuka ziwa kutoka upande wa Uvira, Kongo, mwaka 1996 na kuolewa huku, alikuja kuchaji simu wakati nacheza. Akasimama nyuma yangu akitazama kizuizi cha barabarani nilichokuwa nakishambulia. Akauliza: "Hawa banakulaka nini?"

Nikamjibu, "Ni askari tu, mama. Ni mchezo."

Akasema askari anaowajua yeye walikuja kwanza kwa ajili ya kuku na unga, ndipo yakafuata mengine, na vijana wa kijiji ndio waliobebeshwa mizigo. Hakusema kwa uchungu, alisema kama mtu anayemsahihisha fundi aliyeweka bawaba upande usio wake. Alipoondoka nilijaribu kutafuta ndani ya gemu mtu mmoja anayekula. Sikumpata. Vita hivi vyote vinaendeshwa kwa almasi, na almasi zenyewe unazikuta kwenye visanduku vilivyoachwa porini. Hakuna anayelima, kwa hiyo hakuna anayeporwa.

Hilo si kosa la kompyuta za wakati ule peke yake. Watengenezaji hawakuficha kwamba walichota kwenye riwaya ya Joseph Conrad ya mwaka 1899 kuhusu mto Kongo. Mwaka 1975 Chinua Achebe, akihutubia Chuo Kikuu cha Massachusetts, aliilaumu riwaya hiyo kwa kuifanya Afrika kuwa pazia tu la kuporomoka kwa akili ya Mzungu mmoja. Lawama hiyo inalikaa gemu hili bila kushonwa upya. Mwanzoni unachagua mmoja kati ya mamluki tisa; yumo Mhaiti, yumo Mualjeria, yumo Mchina, yumo hata mtu wa Mauritius. Mwana wa nchi yenyewe hayumo.

Kasoro nyingine ni za kiufundi na nitazipita haraka. Ukisafisha kizuizi, ukaenda mwendo mfupi na kurudi, kimejaa watu tena kana kwamba hukupita. Kazi za UFLL na za APR zinafanana hadi nasahau leo naua kwa niaba ya nani. Pande zote zinakupiga risasi hata ukiwa umeajiriwa nazo, kwa kisingizio kwamba kazi yako ni ya siri. Na wahusika wanaongea mbio, bila kupumua, kama mtu ambaye salio linakaribia kuisha.

Sasa nauharibu mwisho, asiyetaka aishie hapa. The Jackal anafikia uamuzi kwamba vita ni ugonjwa, na kwamba wote wanaoueneza wanapaswa kufa, yeye na wewe mkiwemo, ili raia wavuke mpaka salama. Mmoja apeleke almasi za kuwahonga walinzi, mwingine alipue njia. Vyovyote utakavyochagua, hutoki. Nausifu mwisho huo, maana ni gemu chache za bunduki zinazomwambia mchezaji kwamba yeye ndiye tatizo. Lakini umenikuta mkavu. Mkoani kwetu kuna Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa mwaka huohuo wa 1996, na wanaovuka tunawafahamu: wana masufuria, mikeka, ugomvi wa wakwe, mitazamo mikali kuhusu namna ya kupika sombe, yaani kisamvu. Wa kwenye gemu niliombwa nife kwa ajili yao baada ya saa nyingi za kutoonyeshwa walipo.

Hata hivyo naliweka juu ya yaliyolifuata. Far Cry 3 ya mwaka 2012 iliondoa kutu kwenye bunduki na malaria kwenye damu, ikaweka wanakijiji wanaotembeatembea. Mimi nilitaka kutu ibaki na wanakijiji waje, na waje na mashamba yao. Kama kuna anayejua gemu la hivyo aniambie, ila liwe jepesi, laptopu hii inachagua.