Goland ni nani? Asili ya jina la mnana wa Kilifi

Kwa miaka kadhaa niliamini kwamba neno la pili katika jina la kisayansi la mnana wa Kilifi, Ploceus golandi, ni jina la mahali. Lina mlio wa mahali, na kwa kuwa ndege huyu hajulikani kuishi popote duniani isipokuwa katika Kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya, nilijiambia kwamba lazima kuna kijiji au kilima huko kinachoitwa hivyo. Niliwahi hata kukitafuta kwenye ramani.

Kumbe Goland alikuwa mtu. Mwaka 1913, Stephenson Robert Clarke, Mwingereza aliyependa ndege na mimea, alichapisha maelezo ya kwanza ya kisayansi ya mnana huyu, akampa jina la ndugu yake, Goland Vanholt Clarke. Ile i ya mwishoni ni ya Kilatini, na kazi yake haitofautiani sana na ya «wa» katika lugha yetu: golandi maana yake ni «wa Goland». Angekuwa mwanamke, mwisho wa neno ungekuwa ae. Ploceus nalo ni jina la jenasi nzima, yaani kundi la aina zinazokaribiana, lenye asili ya Kigiriki, likiwa na maana ya msukaji au mfumaji. Kwa hiyo ukiyaunganisha unapata «msukaji wa Goland».

Jambo linaloniduwaza ni kwamba Clarke alitumia jina la kwanza la ndugu yake, ilhali desturi ni kutumia jina la ukoo, kama tunavyoona kwa wanana wawili wa Tanzania: Ploceus nicolli wa milima ya Usambara na Ploceus burnieri wa bonde la Kilombero. Dhana yangu, na sina zaidi ya dhana, ni kwamba «clarkei» lingemwaibisha mtoaji jina, kwa sababu msomaji angeona kwamba amejipa ndege mwenyewe, jambo ambalo wanasayansi hulihesabu kuwa utovu wa adabu. Kama ndivyo, tahadhari yake haikufua dafu, kwa kuwa Waingereza walikuja kumwita ndege huyo «mnana wa Clarke», na anayesikia jina hilo hawezi kujua ni ndugu yupi kati ya wawili hao anayetajwa.

Mimi nilimwona katika msitu wa Arabuko-Sokoke, kwenye sehemu ya miti ya mirihi inayoota juu ya mchanga mweupe. Kundi lilipita juu kabisa ya miti, likiwa limechanganyika na ndege wa aina nyingine, kila mmoja akipekua matawi yenye kuvu-mwani, ule utando unaoota kwenye magome, akitafuta wadudu. Dume ana kichwa na kifua cheusi, tumbo la manjano, na kingo za manjano kwenye mbawa. Jike amefifia, ana rangi ya kijani-manjano. Shingo iliniuma kwa kuwatazama, na katika dakika chache wote walikuwa wamekwenda.

Hapo ndipo jina la msukaji lilipoanza kunichekesha kidogo. Wanana wengi hawana siri: husuka viota vyao kwenye miti ya uani na kandokando ya mito, wakipiga kelele mchana kutwa. Huyu wa Kilifi aliitwa msukaji kwa miaka 100 bila mtu yeyote kuandika kwamba amekiona kiota chake. Ilidhaniwa kwamba anataga juu ya mirihi, na watu wakaendelea kuinua vichwa. Mwaka 2013 viota vikapatikana chini, katika kinamasi cha msimu ndani ya msitu wa Dakatcha, kaskazini mwa Arabuko-Sokoke, vikiwa vimesukwa kwenye majani ya jamii ya ndago yanayosimama majini. Kinamasi cha namna hiyo hujaa mvua ikinyesha vya kutosha, na mvua ikikosekana hakifai kwa kutagia. Miti inayokizunguka nayo hukatwa kwa ajili ya mkaa na mashamba, na ndege huyu yumo katika orodha ya walio hatarini kutoweka.

Dakatcha nayo iko ndani ya Kilifi. Katika daftari langu la ndege nilikuwa nimeandika «mnana wa Clarke». Nimelipiga mstari, nikaandika «mnana wa Kilifi» juu yake. Golandi nimeliacha kama lilivyo.