Kabla hujapandisha nota za wimbo wa Kigogo mtandaoni

Walimu wengi wa kwaya na wapenzi wa ngoma hapa Dodoma wakimaliza kuandika nota za wimbo wa zamani, huweka neno moja pale juu kulia, "Jadi", wakatuma PDF kwenye magrupu ya WhatsApp, kazi ikaishia hapo. Neno hilo linabebeshwa mzigo mkubwa mno. Wimbo uliorekodiwa Chamwino au Mvumi unaweza kuwa na wenyewe wanne: jamii iliyourithi, kiongozi aliyetunga beti, kikundi kilichouimba siku ile, na mtu aliyeupangia sauti nne za kwaya. Ni yule wa kwanza tu anayefaa kuitwa jadi. Watatu waliobaki ni watu wenye majina, na mara nyingi wako hai na wanapatikana kwa simu.

Sheria yenyewe ni ile ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999. Kazi ya mtunzi inalindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Chukua mfano wa Hukwe Zawose, mwanamuziki maarufu wa Kigogo aliyefariki Desemba 2003: alichokitunga mwenyewe kinalindwa hadi mwisho wa 2053, hata kama masikioni kinasikika kama cha enzi za mababu. Waimbaji na waliotayarisha rekodi nao wana hakishiriki zao, yaani haki juu ya uimbaji na rekodi yenyewe. Na sanaa za jadi hazikuachwa ziokotwe na kila apitaye. Ukizitumia kwa nia ya faida na nje ya mazingira yake ya kimila, unatakiwa upate idhini ya Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Matumizi ya kielimu yameachiwa nafasi, lakini kwenye chapisho lolote unatakiwa kutaja jamii au mahali kazi ilikotoka.

Kwa hiyo mwalimu anayegawa nakala darasani na mtu anayeuza PDF kwa shilingi 2,000 hawako kapu moja. Ukurasa wenye matangazo yanayolipa, kwa maoni yangu, uko karibu zaidi na yule wa pili, hata kama mwenyewe anasema anagawa bure. Akapige hodi BASATA kwanza.

Panapovurugika zaidi ni kwenye beti. Nindo, kwa mfano, ambayo ni aina ya uimbaji wa Kigogo, ina mwendo na vibwagizo ambavyo kila mtu kijijini anavijua, lakini kiongozi mzuri hutunga maneno mapya kila msimu: njaa ya mwaka fulani, bei ya alizeti, mgeni aliyekuja na gari. Mwandishi wa nota akifika na kinasa sauti anaandika vyote pamoja kama mali ya mababu. Dawa yake ni swali moja, na liulizwe kabla watu hawajatawanyika: "Mama, maneno haya umeyakuta au umeyatunga wewe?" Uliza ubeti kwa ubeti. Mara nyingi jibu ni mchanganyiko: kibwagizo cha kukuta, beti mbili za mama yake, zilizobaki zake. Andika hivyo hivyo. Beti zake zinahitaji ruhusa yake, na tafsiri ya Kiswahili ya beti hizo pia inahitaji ruhusa yake.

Ruhusa ichukue kwa sauti, kwenye rekodi ileile, ili isije ikatengana na wimbo. Kiongozi ataje jina lake, kikundi, kijiji na tarehe, kisha ajibu moja moja: nota zitoke? Maneno yatoke? Sauti yenyewe isikike mtandaoni? Jina litajwe? Mtu mwingine akitaka kuuza, aulizwe nani? Usiyafunge yote kwenye swali moja la "mnaruhusu?", maana kila mtu ataitikia ndiyo kwa heshima ya mgeni, na hiyo haitakusaidia mjukuu atakapokuja kulalamika. Jina na sauti ya mtu ni taarifa binafsi pia, na nchi ina sheria ya kuzilinda tangu 2022. Namba ya simu ya kiongozi ibaki kwenye daftari lako.

Kurekodi kwenyewe kunataka uangalifu kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu nota mbaya ni dharau ya aina yake kwa waliouimba. Rekodi kwa WAV (faili la sauti lisilobanwa), hezi 44,100 au 48,000. Voisi ya WhatsApp inakata milio ya juu, na ilimba, ala ya sanduku lenye fito za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba, ndiyo inayoumia zaidi: mvumo wake unatokana na utando wa buibui unaobandikwa kwenye tundu la sanduku, na ukibanwa na simu unabaki kuwa kelele tupu. Upepo wetu wa kiangazi nao hauna adabu. Rekodi upande wa ukuta uliokingwa, mikrofoni ivae sifongo, na mwache mpiga zeze akae karibu nayo kuliko ngoma. Kikundi kikimaliza, omba vitu vitatu zaidi: kiongozi aimbe peke yake, waitikiaji peke yao, kisha mpiga zeze au ilimba apige kila uzi au kila ufito mmoja mmoja, polepole. Bila hicho cha mwisho huwezi kujua chombo kilitegwaje, yaani sauti zake zimepangwaje. Kwa ngoma ya muheme, ambako akina mama hubana ngoma mapajani na midundo inapandana, omba kila ngoma ipigwe peke yake mizunguko kadhaa. Usipofanya hivyo, utaandika mdundo mmoja wa jumla ambao hakuna mtu anayeupiga.

Ukikaa kwenye kompyuta, punguza mwendo na Audacity, programu ya kuhariri sauti, kwa kile kifaa cha kubadili tempo. Kile cha kubadili spidi kinashusha na sauti pia. Wapo walioandika wimbo mzima toni moja chini kwa kosa hilo.

Sasa solfa, yaani nota za d, r, m, f, s, l, t, ambapo ta ni t iliyoshushwa nusu toni. Muziki wa Kigogo, kwa sehemu kubwa, unafuata milio ya asili (harmoniki) iliyomo ndani ya uzi mmoja, ile ya sita, ya saba, ya nane, ya tisa na ya kumi. Ukiuita mlio wa msingi d, unapata s, ta, d, r, m. Shida ni kwamba ta hii siyo ta ya kinanda. Iko chini yake kwa senti zipatazo 31, ukichukulia nusu toni moja kuwa senti 100, na m iko chini kwa senti zipatazo 14. Ndiyo maana mpiga kinanda wa kanisani akijaribu kufuata zeze anasema zeze "limechuja". Kinanda ndicho hakina hizo sauti. Programu ya nota, MuseScore kwa mfano, itakunyooshea kila kitu kimya kimya ukiiacha ichague. Chagua nota za ta zote, uziteremshe kwenye sehemu ya utegaji kwa kiasi ulichokipima kwenye zile nyuzi zilizopigwa moja moja. Hiyo 31 ni ya kwenye hesabu. Mpigaji wako anaweza kuwa na 25 au 38, na namba yake ndiyo inayoandikwa. Senti hizo ukizifuta, aliyeko Oslo atapiga wimbo mwingine na kuuita wa Wagogo.

Kwa kusambaza, mimi napendekeza faili la maandishi la ABC, mtindo wa kuandika nota kwa herufi za kawaida, likae pamoja na PDF. PDF ikichapishwa upya na mtu mwingine, neno la juu kulia ndilo la kwanza kukatwa. Kwenye ABC, maelezo ya chanzo yako ndani ya faili lenyewe:

X:1
T:(jina la wimbo kama mwimbaji alivyolitaja)
C:Sauti ya jadi. Beti 2 hadi 5 za kiongozi
O:Wagogo, kama ulivyoimbwa Chamwino, Dodoma
S:(kikundi, tarehe, ruhusa ipo kwenye rekodi)
Z:(aliyeandika nota, mwaka)
N:(senti ulizopima, k.m. ta chini senti 31, m chini senti 14)
M:6/8
L:1/8
K:C

M ni mapigo, L ni urefu wa nota ya kawaida, na K, yaani ufunguo, ndiyo inayofunga kichwa, usiiweke juu. Kwa kuwa d hapa ni C, kila ta iandike _B. Kwenye O usiandike "Afrika" wala "Tanzania" peke yake. Na usiandike "wimbo wa Wagogo" kwa ujumla kama umeusikia kijiji kimoja tu. Mpwapwa wanaweza kuuimba kwa vibwagizo vingine, na Wasandawe au Wanyaturu wakadai ulitoka kwao. "Kama ulivyoimbwa" inakuepusha na ugomvi huo wote.

Kuandika nota kutoka rekodi ya mtu mwingine, iwe kanda ya redio ya zamani au albamu, kunaruhusiwa kwa kiasi. Sauti iliyorekodiwa usiibandike. Hiyo ina mwenyewe. Tuni ya wimbo wa jadi iliyomo humo unaweza kuiandika, lakini utangulizi wa gitaa, daraja lililoongezwa na besi ya kinanda ni za mpangaji. Tafuta matoleo mawili au matatu, uandike kinachofanana kote. Kinachosikika kwenye toleo moja tu, kishuku. Kwaya ndipo penye kesi nyingi: sauti ya Kigogo, maneno ya Injili ya mtu fulani, alto na teno za mtu mwingine. Hapo cha kugawa bila kuuliza ni mstari wa sauti ya kwanza tu, bila maneno.

Nyimbo za jando na unyago, hata kama sheria haijasema kitu, usiziweke. Ukiambiwa "huu tunauimba ndani", zima kinasa sauti hapo hapo na ufute kipande hicho mbele yao.

Leseni za Creative Commons, zile za bure zinazowaruhusu wengine kutumia kazi yako kwa masharti, zinahusu kile ulichokifanya wewe, yaani uandishi wa nota na maelezo. BY-NC-SA inafaa wengi: lazima watutaje, wasiuze, wakibadilisha wagawe kwa masharti yale yale. CC0 usiiguse, kwa sababu inasamehe kila kitu wakati jamii haijakutuma usamehe chochote. Chini ya leseni ongeza sentensi moja kwamba haihusu sauti ya jadi wala beti.

Rekodi ghafi na tarehe zake tunza sehemu mbili tofauti. Kuna watu hupeleka toleo lao la wimbo wa jadi kwa wasambazaji wa muziki, kisha mfumo wa YouTube unaifungia video ya kikundi kilekile cha kijijini kwa "kuiba". Pingamizi linahitaji ushahidi kwamba wimbo ulikuwepo kabla. Na lalamiko likija kwako, ondoa faili mtandaoni kwanza, halafu ndipo uulize maswali. Ukilirudisha limerekebishwa, badilisha namba ya toleo na uandike kwenye N kilichobadilika, maana nakala ya zamani tayari iko kwenye simu za watu.