Mi nizikeni na sanda tu

Juzi nilikua msibani Kondoa, mzee Muislamu, kafariki alfajiri na mpaka alasiri tumeshamzika, sanda nyeupe, mwanandani (kile kishimo cha ndani ya kaburi anapolazwa maiti), vibao vya kuzuia udongo, basi. Nikakumbuka tulivyomzika baba mdogo hapa Dodoma mjini: jeneza la mninga lina kioo na vishikio vya dhahabu feki, mochwari siku nne na dawa juu, kaburi zege na marumaru, yaani mpaka leo familia tunadaiwa simenti 😅

Afu kumbe Wazungu sa hivi ndo wanakimbilia hiki cha Kondoa! Uingereza kule Carlisle tangu 1993 wana eneo la makaburi ambapo badala ya jiwe unapandiwa mti wa mwaloni, na mazishi ya hivyo yameenea, maiti haipigwi dawa, jeneza la kitu kinachooza haraka. Formalini, hiyo dawa wanayopiga maiti, inasababisha kansa jamani, wanaoivuta kila siku ni wale vijana wa mochwari, na simenti kuitengeneza tu inatoa kaboni nyingi mno.

Nikamwambia mama mi nataka mkwaju juu yangu, akaniuliza, "na nani atakua anaumwagilia, maji yenyewe haya ya mgao?" Sikua na jibu.