OLED inadumu? Inategemea unaizimaje

Wengi wanaotaka kununua TV ya OLED huuliza itakaa miaka mingapi. Mimi ningeanza na swali jingine: nyumbani kwako TV huzimwa kwa rimoti au ukutani?

Katika OLED kila pikseli (nukta ndogo inayounda picha) hujitolea mwanga wake, na kemikali zinazoutoa huchakaa kadiri zinavyowaka. Ya bluu huchoka mapema kuliko nyingine. Skrini nzima ikichakaa sawasawa, jicho halitambui. Kazi ipo pale sehemu moja inapochakaa kuliko jirani zake: nembo ya chaneli pembeni, mstari wa habari unaopita chini, kibao cha magoli. Hapo hubaki kivuli kisichotoka hata ukihama chaneli, na waranti nyingi hazikitambui.

Ili kujikinga, TV hupima pikseli zake na kurekebisha umeme unaoziendea. Kwenye LG kazi hiyo hufanyika baada ya takriban saa 4 za kutazama kwa jumla, TV ikiwa imezimwa kwa rimoti lakini soketi ina umeme. Ni dakika chache tu. Baada ya saa 2,000 hivi huja zoezi refu, karibu saa nzima. Sasa sisi tuna mazoea ya kubonyeza swichi ya ukutani kila usiku kwa kuogopa radi na kuokoa uniti. Ukizima kwa rimoti na swichi papo hapo, zoezi halifanyiki, na madoa huanza kujijenga taratibu. Iache nusu saa ndipo uzime ukutani. Na hata ukiiacha mwaka mzima, inayokula nusu wati itamaliza uniti 4 na ushee. Umeme wa kupanda na kushuka ni hofu ya haki, lakini dawa yake ni TV gadi. Lile zoezi refu usililazimishe kwa menyu kila ukiona doa. Sony hutahadharisha lisizidi mara moja kwa mwaka.

Mwaka 2018 RTINGS, tovuti inayopima TV, waliwasha TV sita za OLED aina ya LG C7 kwa saa 20 kila siku. Zilizokesha na chaneli ya habari ya CNN zilipata madoa yanayoonekana wazi, hasa kwenye rangi nyekundu. Paneli (skrini zenyewe) za LG za mwaka huo zikaja na kipande chekundu cha kila pikseli kilichopanuliwa, ili kisichakae haraka.

Kwa hiyo familia inayotazama saa 6 kwa siku (2,190 kwa mwaka), leo tamthilia, kesho mpira, keshokutwa katuni, inunue bila wasiwasi. Saluni, mapokezi ya hoteli, au nyumba ya mzee asiyebanduka kwenye chaneli ya habari, chukueni LCD. Nayo hufa, taa zake za nyuma huungua, ila fundi wa mtaani hubadilisha zile taa. Paneli ya OLED ikiharibika, bei yake hukaribia ya TV nzima.

Ukiuziwa iliyotumika, nenda na flashi yenye picha mbili: nyekundu tupu na kijivu kilichofifia, zijae skrini nzima. Zima taa za chumba, kagua kona zote na ukanda wa chini. Usikubali iliyokuwa ya maonyesho dukani: hiyo imeshinda kutwa ikirudia video moja, mwangaza ukiwa juu kabisa.