Mkanda wa mtambo namba tisa

Mwekezaji alikuja kipindi cha mvua za El Niño, mwanzoni mwa 1998, na magari yake mawili yakakwama kwenye tope la lango letu. Tuliyasukuma wenyewe huku tukicheka. Kiwanda cha nguo kilikuwa cha serikali tangu kijengwe, sasa Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma ilikuwa imekiuza kama vingine vingi. Mtu asikudanganye kwamba tulilia. Mshahara ulikuwa umechelewa miezi minne, mitumba imejaa mjini, khanga zetu zinalala bohari. Mwenye hela zake na aje.

Na mshahara alilipa. Tarehe 25, kila mwezi, bila longolongo. Hilo nalisema mapema, maana nikisimulia habari hii vijana hudhani nataka kulaumu tu.

Mimi nilikuwa fundi msaidizi kwenye ukumbi wa kufuma, chini ya mzee mmoja tuliyemwita Babu ingawa umri wake haukufika huko. Ukumbini hakuna mazungumzo. Mitambo ikipiga yote kwa pamoja, hata umpigie mtu kelele sikioni haambulii kitu. Tulikuwa na lugha yetu ya mikono: kugonganisha ngumi maana yake beringi; kuzungusha kidole hewani, mkanda; kujivuta sikio, njoo usikilize. Babu aliugusa mtambo kwa ncha ya bisibisi, mpini akautia sikioni, akakwambia unaumwa nini. Miaka ya themanini, vipuri vilipoadimika kwa kukosa fedha za kigeni, alivichonga mwenyewe. Vipimo vyote aliviandika kwenye daftari moja lililojaa grisi, likikaa wazi mezani pale karakana. Yeyote alichungulia.

Kwanza iliondoka chai. Birika la saa nne halikuonekana tena kantini. Kisha neno "ndugu" likafa lenyewe, hakuna aliyelipiga marufuku. Msimamizi wetu wa zamu alipewa chumba chenye kioo, na kesho yake tukajikuta tunamwita bosi. Hayo tungeyazoea. Kadi ndizo zilizotumaliza.

Kila fundi aligawiwa mitambo yake na kadi. Mtambo ukisimama, dakika zinaandikwa kwenye jina lako. Sidhani kama aliyebuni jambo hilo alikuwa na nia mbaya, na kweli miongoni mwetu walikuwamo waliozoea kulala nyuma ya marobota. Lakini tetesi zilishaenea kwamba watu watapunguzwa, na kila mtu alijua orodha itatokana na nini. Haikupita wiki, daftari la Babu halikuwa mezani. Nilimuuliza.

"Liko nyumbani, mwanangu. Likikaa hapa, mimi watanitakia nini?"

Namba tisa ulikuwa mtambo wake. Jumatatu moja nilipita nikaona ukingo wa mkanda umeanza kuchanika, nyuzi zimetoka kama ukili uliofumuka. Kifuniko cha kuukinga kilikuwa kimepotea tangu enzi za serikali. Zamani ningejivuta sikio, Babu angekuja, tungeuzima mtambo nusu saa na kumaliza. Sasa nikafikiri: nikimwambia atauzima, na kadi yake itaandikwa. Nikajiambia namhurumia. Uongo. Tulikuwa mafundi saba, na nilishapiga hesabu kwamba wakibaki wanne, basi mwenye doa kwenye kadi, bora awe mwingine. Nikapita. Jumanne nikapita tena. Kufikia wiki ya pili nilikuwa nikifika pale nageuza uso.

Ulikatika zamu ya usiku, saa nane na nusu. Ncha yake ilimchapa mkononi binti aliyekuwa ameinama kuunga uzi wa mtande. Hakuvunjika, ila kifundo kilivimba palepale, akakaa sakafuni kwenye vumbi la pamba, mdomo wazi, na sauti yake hatukuisikia. Msimamizi alifika na kalamu kabla sanduku la huduma ya kwanza halijafika. Akatazama namba ya mtambo, akatazama saa, akaandika.

Mitambo mingine iliendelea kupiga. Babu alichutama, akaokota kipande cha mkanda, akapitisha kidole gumba pale palipokatika. Sehemu ndogo ilikuwa nyeupe, mpasuko wa usiku ule. Iliyobaki ilikuwa nyeusi kwa grisi na vumbi la siku nyingi. Akainua macho kunitafuta. Akaelekeza vidole viwili kwenye macho yake, kisha akavigeuza kwangu: uliona?

Nikatikisa kichwa: sikuona.

Alinitazama kidogo. Akaukunja ule mkanda, akautia mfukoni mwa ovaroli, akaenda kumsaidia binti kunyanyuka.