Msimbo wa QR kwenye rafu za maktaba, Lamu
Kutengeneza fomu ya kuomba vitabu kwenye Google Forms si kazi. Kazi ni kibandiko cha rafuni chenye msimbo wa QR, ile picha ya miraba ambayo kamera ya simu ikiisoma hufungua fomu hiyo. Msomaji akiwa sentimita 30 kutoka rafuni, msimbo uwe na upana wa sentimita 3, na ukingo mweupe pande zote. Mkasi ukiula ukingo huo, simu inaweza kushindwa kuusoma. Ufunike kwa plastiki isiyong'aa: inayong'aa hurudisha mwanga wa dirishani, na karatasi tupu hujikunja kwa unyevu wa bahari.

Halafu kuna ile mipangilio! Ukiwasha jibu moja kwa kila mtu, fomu itadai akaunti ya Google, na mzee wa mtaa wa Langoni asiye nayo ataishia hapo hapo. Zima sharti hilo la jibu moja, kisha jaribu kwa simu isiyo yako.